Mkaguzi wa Pili

Mume wangu alipopunguzwa kazini nilijua nitapata tabu, ila nilidhani itakuwa tabu ya kawaida: mwanamume mzima kushinda nyumbani, kuuliza chakula kitaiva saa ngapi na kunielekeza namna ya kukaanga samaki. Sikujua kwamba tabu yenyewe itatoka Mombasa, imeviringishwa ndani ya godoro.

Ilikuwa kompyuta. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alifanya kazi Mombasa, na ofisi yake iliponunua mashine mpya akapewa ya zamani. Akaona amletee kaka yake apate cha kuchezea. Pale mpakani Horohoro watu wa forodha waliifungua, wakaizungukazunguka, wakauliza kama ni televisheni. Shemeji akawajibu ni televisheni isiyoonyesha kitu, wakamwachia apite. Nikifikiria sasa, naona hakuwadanganya sana.

Miaka ile kila nyumba ya mtaa wetu wa Usagara, pale Tanga, ilikuwa na kitu chake kipya. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari na sabuni, na sasa maduka yalijaa hadi barazani, ila wale waliokuwa na mishahara ya kununulia ndio waliokuwa wakipunguzwa. Hata hivyo watu walijitahidi. Jirani wa kulia alikuwa na jokofu, wa kushoto televisheni, wa mbele redio iliyopigwa mtaa mzima usikie. Sisi tulikuwa na namba.

Nieleze hiyo namba, maana mimi mwenyewe nilielezwa mpaka nikaota. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Tatu ni tasa, saba ni tasa, kumi na tatu ni tasa. Hayo hata mimi nilifundishwa. Lakini kumbe kuna watu, Ulaya, Marekani na kwingineko, wanaotafuta namba tasa kubwa kuliko zote zilizowahi kujulikana, na wanazitafuta kwa kujitolea, kila mtu na kompyuta yake sebuleni. Unachukua mbili, unazidisha kwa mbili, unazidisha tena na tena mpaka namba inakuwa ndefu kiasi cha kujaza madaftari, halafu unatoa moja. Inayobaki ndiyo unayoiuliza: wewe unagawanyika au hugawanyiki? Mashine hukaa wiki nyingi ikiuliza swali hilo moja tu. Shemeji alikuwa ameshaiweka programu hiyo ndani, akidhani anamfanyia kaka yake wema.

"Ukiipata utaifanyia nini?" nilimuuliza mume wangu.

"Sitaifanyia kitu. Itakuwa imejulikana."

Mimi nilikuwa karani wa kuchapa katika ofisi ya serikali, na siku ile mashine ilipoingia nilikuwa nimeshajiona nachapia watu barua na kadi za harusi hapo hapo nyumbani. Nikaambiwa haifai kuisumbua, iko kazini. Basi kila mtu alikuwa kazini isipokuwa mwenye njaa.

Na hata hilo la kutafuta halikuwa kweli. Baadaye niligundua kwamba mashine yetu ilikuwa kongwe, nzito ya kufikiri, na wale waliokuwa wakigawa kazi huko ng'ambo hawakuipa namba mpya. Waliipa namba ambayo mtu mwingine, mwenye mashine nzuri, alikuwa ameshaifanyia hesabu mpaka mwisho.

"Kwa hiyo jibu lipo," nilimwambia.

"Lipo."

"Na wewe unalitafuta."

"Silitafuti," akasema, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo sikuwa nimeiona tangu alipopunguzwa kiwandani. "Nalikagua."

Hapo ndipo niliponyamaza, maana nilimwelewa, na kumwelewa kukaniudhi zaidi. Katika kiwanda cha kamba za mkonge mume wangu alikuwa mkaguzi wa pili. Mkaguzi wa kwanza alichukua kamba kutoka kwenye robota, ule mzigo wa kamba uliofungwa tayari kuuzwa, akaivuta kwa mashine hadi ikatike, akaandika imekatika kwa uzito gani. Kisha mume wangu, bila kuoneshwa majibu ya mwenzake, akachukua kamba nyingine kutoka robota lile lile, akavuta na yeye. Majibu yakilingana, robota linapita. Yasipolingana, halitoki. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu alipokuwa kijana mpaka nywele zikaanza kuingia mvi. Alipokuja mwenye kiwanda mpya, swali la kwanza alilouliza lilikuwa kwa nini kitu kilichokaguliwa kinakaguliwa tena. Wakamwambia mume wangu mbele ya wenzake kwamba kazi yake ni kupoteza muda, na wakampunguza.

Sasa huko ng'ambo wapo watu waliokuwa wanaamini hasa alichoamini yeye. Mwisho wa kila hesabu mashine ilitoa mstari mfupi wa tarakimu na herufi, na mstari huo haukukubalika mpaka mashine nyingine, ya mtu asiyekuwa na habari na wa kwanza, itoe ule ule. Mkaguzi wa kwanza na mkaguzi wa pili. Ningemwambiaje aizime?

Basi tukaishi na namba. Umeme wa mgao ulikatika ukitaka na kurudi ukitaka, na kila uliporudi mume wangu aliacha sahani, aliacha mgeni, siku moja aliacha ndevu nusu zimenyolewa, akaenda kuiwasha mashine iendelee pale ilipoachia. Feni yetu ya pekee, ile ya mezani niliyoinunua mwenyewe, ilihamishwa kutoka chumbani ikaelekezwa kwenye mashine, kwa sababu mashine ikipata joto hukosea. Mimi nikipata joto hakuna aliyejali nikikosea. Kwa joto la Tanga nililala na kanga iliyoloweshwa maji. Akawa anawaza hata kuipeleka Amani, kwa binamu yake aliyekuwa mlinzi wa msitu huko milimani, ikafanye hesabu kwenye ubaridi. Nikamwambia ikienda Amani, naye aende, akalale nayo msituni. Wazo hilo likafa.

Hata hivyo, na hili lazima niliseme, alikuwa mtu tena. Alioga asubuhi, alivaa shati lililopigwa pasi, alikaa mbele ya ile meza. Ndipo mama yake akaja.

Mavyaa wangu alitoka kijijini kwao upande wa Pangani kuja kutibiwa mguu, akakaa nasi msimu mzima. Sina la kumlaumu kwa tabia. Alikuwa mama mpole, mcheshi, hakukaa siku nyingi akajua jina la kila mtoto wa mtaa. Ila hakuweza kukaa mikono mitupu. Kutwa alikuwa na uzi na sindano ya kufumia, na kitu chochote ndani ya nyumba kilichokuwa na mgongo alikivisha kitambaa: viti, redio, chupa ya chai, mtungi. Kwetu pwani nyumba isiyo na vitambaa ni nyumba isiyo na mwanamke, na nadhani alipoingia akatazama sebule yangu alinihurumia.

Siku ya kwanza aliikuta mashine inanguruma.

"Hii yafanya nini, mwanangu?"

"Kazi, mama. Nawakagulia watu hesabu zao."

"Watu gani?"

"Wa ng'ambo."

Hilo lilimtosha. Kufikia alasiri alikuwa ameshamweleza jirani wa kulia, wa kushoto na wa mbele kwamba mwanawe amepata kazi kwa Wazungu, awakagulia hesabu, na wamemletea mashine mpaka nyumbani. Sikuwahi kumsikia mama akitaja jambo kwa raha kama ile. Kijijini alikuwa amesemwa sana mwanawe alipopunguzwa. Walimwuliza ameiba nini. Sasa alinyanyua kichwa. Kitu pekee kilichomkera ni lile neno tasa, hakutaka litajwe ndani ya nyumba yenye mwanamke bado wa kuzaa, kwa hiyo tukaanza kusema tu "zile namba".

Kisha akakaa chini kuifumia mashine kitambaa. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, akifuma akileta uzi puani, akikosea akifumua, akianza upya. Alifuma siku nyingi kuliko kitambaa chochote, cheupe, maua ya rangi ya samli pembeni, kikubwa cha kufunika kioo na kile kisanduku cha chini na kuning'inia nyuma mpaka mezani. Siku aliyokivisha aliniita nije nione. Akaweka na chombo cha maua ya plastiki juu.

"Mkaza mwanangu, mashine ya kazi haikai uchi."

Nilimtazama mume wangu. Matundu ya kupumulia ya ile mashine yalikuwa nyuma, na nyuma kulikuwa kumefunikwa barabara. Yeye aliyekuwa amechukua feni yangu, aliyekuwa akifungua madirisha mbu waingie ili mashine ipumue, alikuwa amesimama pale anatabasamu.

"Kizuri sana, mama," akasema. "Ahsante."

Nilisubiri mama aende kutawadha.

"Kitoe," nikamwambia.

"Amekifuma kwa macho yale."

"Mashine itaungua."

"Haitaungua. Itapata joto tu."

"Si ndilo ulilosema likizidi inakosea?"

Alisogeza feni karibu zaidi, ikawa inapuliza maua ya plastiki.

Nikaona basi, kama mtoto hawezi, mkwe ataweza, kwa njia za mkwe. Nilikinyanyua nyuma nikakibana kwa vibanio vya nguo. Mavyaa akakiona, akasema upepo wa feni unakikunja, akashona shanga kwenye pindo lote ili kiwe na uzito wa kutulia. Nikasema kimeingia vumbi, nikakifua. Jua la Tanga likakikausha kabla ya adhuhuri, na mama akakitia wanga wa muhogo na kukipiga pasi, kikarudi kigumu, hata hewa ya kupenya kwenye matundu ya uzi hakuna. Nikasema basi tukiweke kwenye redio, kitapendeza zaidi. Akaniambia redio inacho chake. Nilikuwa nimeshindwa na bibi mwenye mguu mbovu, na kila niliposhindwa ilibidi niseme ahsante mama.

Jioni moja nilikuta mume wangu amenyanyua upande wa mbele wa kitambaa, anasoma kioo. Kulikuwa na mstari uliosema huenda mashine ina hitilafu, hesabu irudiwe kutoka pale ilipohifadhiwa mwisho. Nilisoma na yeye akajua nimesoma. Mama alikuwa kwenye kiti chake nyuma yetu, anafuma kitambaa cha feni.

Nilisema kwa sauti, ili mtu mmoja kati ya hao wawili anisikie, "Mashine zinapenda hewa."

"Yaani kama watu," mama akasema kwa upole, bila kuinua macho.

Mume wangu akashusha kitambaa, akakinyoosha pembe. Nilitamani kumpiga na kile chombo cha maua. Mtu ambaye hakuwahi kupitisha robota bovu hata mwenye kiwanda alipomkaripia, ambaye siku moja alirudisha lori lililokwisha kupakiwa, anatazama mashine yake inamwambia nina homa na anaifunika shuka.

Hesabu ikafika mwisho. Mstari wake ukatoka, akaunakili kwenye disketi, nami nikaibeba, maana ofisi yangu ilikuwa karibu na duka la intaneti mjini. Nilikaa pale kwenye foleni ya vijana wanaowaandikia wachumba, nikatuma. Mama aliagiza niulize kila siku kama Wazungu wamejibu. Aliswali, akamwombea. Akaniambia ameomba hata na mimi nijaliwe moyo wa kumsaidia mume wangu katika kazi yake, na hapo nilikwenda uani nikakaa kwanza.

Walijibu. Mistari miwili haikulingana, wa yule wa kwanza na wa kwetu. Katika mambo ya kukagua hiyo haimaanishi kwamba ni wewe uliyekosea. Mmoja kati yenu amekosea, na mashine ya tatu, ya mtu mwingine kabisa, itafanya hesabu hiyo upya ili ijulikane nani.

Sitaki kudanganya: mume wangu alikuwa na matumaini. Aliniambia kwamba mashine za ng'ambo nazo hukosea, ndiyo sababu ya ukaguzi wenyewe, na kwamba ile hitilafu aliiona mara moja tu na programu ilirudi nyuma ikarekebisha. Aliisema hoja hiyo asubuhi, akairudia akila, akairudia tumekwisha kuzima taa. Hakutaka kuanza namba nyingine mpaka hii iamuliwe. Akaizima mashine, na nyumba ikawa kimya mpaka masikio yakauma. Mama akamsimulia jirani kwamba mwanawe amemkuta Mzungu na kosa, na sasa wameitwa mashahidi. Mume wangu hakumsahihisha. Alikuwa anaanza kuamini hivyo yeye mwenyewe, na mimi niliyekijua kile kitambaa nilianza kuomba, naona aibu kusema, kwamba mtu mmoja huko Ulaya nisiyemjua awe amekosea.

Mashine ya tatu ilitoa mstari ule ule wa mashine ya kwanza. Niliusoma pale dukani nikiwa nimesimama, herufi kwa herufi, mara mbili, kama alivyonifundisha. Nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani ili nichelewe.

Nilimkuta sebuleni na mama yake. Nilimpa shikamoo mama, akaniitikia marahaba, kisha nikampa mume wangu karatasi. Aliisoma, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Wamejibu?" mama akauliza.

"Wamejibu, mama. Aliyekosea ni mimi."

Sindano ikasimama. "Umekosea wewe, au mashine?"

Ulikuwa mlango wazi kabisa. Angepita, angesema mashine, na hata asingetaja kitambaa, mama angetosheka. Lakini mume wangu hajawahi kusingizia mashine ya kuvutia kamba, na hakuanza siku hiyo.

"Mashine haina kosa. Mimi sikuiangalia inavyotakiwa."

Mama alimtazama, na niliona kile kichwa alichokuwa amekinyanyua kwa majirani kinarudi chini taratibu. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alikuwa anapatanisha mambo moyoni mwake, kama mtu anayekubali kitu alichokataa kwa muda mrefu.

"Basi kule kiwandani hawakukuonea, mwanangu," akasema.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nilikuwa na maneno yote tayari, kitambaa, wanga, shanga, matundu, na nilikuwa na hasira kuliko siku waliyompunguza, maana siku ile waliomkosea walikuwa watu baki. Mume wangu akanitazama. Hakutikisa kichwa, hakufanya ishara yoyote, alinitazama tu mpaka nikafunga mdomo.

"Huenda, mama," akasema.

Nikaenda jikoni. Nikachukua nazi nikaanza kukuna, sikujua hata ya mboga gani. Akanifuata, akasimama mlangoni.

"Miaka yote ile," nikamwambia, nikijitahidi sauti isifike sebuleni. "Hukupitisha kamba mbovu hata moja. Na leo unamwachia mama yako aamini vile."

"Akijua ni kitambaa hatafuma tena."

"Na wewe?"

Akageuka, nikadhani amenisikia, nikadhani safari hii atarudi kule amwambie. Kutoka sebuleni mama akaita, akauliza kama sasa mashine imekwisha kazi akivue kile kitambaa au akiache.

"Kiache, mama," akajibu. Akarudi sebuleni, na nikasikia shanga zikigonga meza, anamshikia upande mmoja ili kikae sawa.